Herufi Tano Chini ya Gunia

Awindiri, Arua
Saa tisa alasiri

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuita tangu siku ya nne ya maisha yako. Jina lako halisi lina zamu yake, na zamu hiyo iko mbele. Vumilia kidogo, ingawa najua kukuambia wewe uvumilie ni kupoteza wino.

Umekwenda Pajulu kumuaga shangazi yako, na jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Hiyo inanipa nafasi mpaka jua likaribie kutua. Sanduku lako la bati liko uani, mbele ya karakana yangu. Nimelifunika gunia, na gunia nimelishikiza kwa vijiti ili lisiguse bati. Usilifunue. Soma kwanza mpaka mwisho. Nakuomba kama baba yako, na kama hilo halitoshi, nakuomba kama fundi wa vibao: rangi ya mafuta ikiwa mbichi haipendi vidole. Nimepaka mkono wa kwanza wa rangi, nimekaa kuandika huku unakauka, halafu nitasimama nipake wa pili.

Habari za kufunga vitu na kuficha vitu hutazisikia kwangu. Mama yako amekuhubiria wiki nzima. Najua kwamba kipande cha sabuni kiko ndani ya soksi ya kushoto na chumvi iko ndani ya ile ya kulia, kwa hiyo chuoni utavaa viatu bila soksi, lakini utakuwa msafi na chakula chako kitakuwa na ladha. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nalo nimelibeba miaka kumi na sita.

Uliniuliza maswali mawili, na yote mawili niliyakwepa.

La kwanza umeliuliza tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka ule niliposhusha kutoka darini ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni, kila neno na pointi zake, nikawapa wewe na kaka zako. Niliwawekea sheria moja kali: jina la mtu ni marufuku ubaoni. Jina la mji, haya, tunaweza kubishana. Jina la mtu, hapana, unaondoa herufi zako na zamu umepoteza. Ulipinga kila Jumapili. "Baba, kwa nini? Jina pia watu nasema kila siku." Nikakujibu kwamba ndivyo sheria ilivyoandikwa ndani ya kifuniko. Ni kweli imeandikwa, lakini ndani ya kifuniko pia imeandikwa kwamba mchezo ni wa Kiingereza, na hiyo sikuifuata hata siku moja.

La pili uliniuliza Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nakoroga rangi, wewe ukaja ukasimama karibu na sanduku lako, ukasema, "Baba, masanduku ya watoto wote wa Awindiri umeandika majina. Ya kwangu iko tupu."

Nikasema nitaandika.

"Utaandika lini? Basi naondoka Alhamisi. Heshima ya bibi najua, mama alinieleza. Lakini baba ya rafiki yangu Rejina alipeleka mbuzi kwa mkwe yake, akaomba, sasa anaita Rejina jina yake ya nyumbani na hakuna shida. Wewe mbuzi ilikushinda?"

Nikaendelea kukoroga rangi ambayo ilikuwa imekwisha korogeka tangu asubuhi. Wewe ukangoja, ukachoka, ukaingia ndani. Kaka yako mkubwa, ambaye alikuwa anatengeneza tairi ya baiskeli na kujifanya hasikii, aliniangalia mara moja tu, na macho yake yalisema mambo ambayo kinywa chake hakikuthubutu.

Mbuzi hakunishinda, Mama. Aibu ndiyo iliyonishinda. Na sasa utasikia aibu yenyewe.

Ule mchezo alinipa mwenye duka mmoja Mhindi, ambaye kibao cha duka lake kilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa mjini. Wanawe walikuwa wamekwenda kusoma mbali na nyumba yake ilikuwa imenyamaza. Siku nilipomaliza kibao aliniletea lile boksi akasema, "Fundi, wewe mtu wa herufi. Chukua herufi hizi." Nilikuja nalo nyumbani nimelibeba kifuani. Mimi Mlugbara, mama yako Mkakwa kutoka Dranya, na jirani yetu Papa Alfonsi aliyekuja kutoka Kongo na cherehani nyuma ya baiskeli. Lugha ambayo sote watatu tungeweza kugombania bila mmoja kuwa mwenyeji ni Kiswahili, basi tukacheza Kiswahili. Tuligundua siku ya kwanza kwamba Waingereza ni wachoyo wa herufi A. Nikakata vipande vya plaiwudi iliyobaki kwenye kibao cha kinyozi, nikaandika A kumi nyingine na K tano. Ndiyo maana zile A zingine zina rangi ya buluu mgongoni. Mlidhani zimechakaa.

Tulicheza Jumapili baada ya kanisa. Mama yako alikuwa hatari. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini alikuwa anapanga herufi kwa utulivu ule ule anaopanga nyanya sokoni, na mwishowe unakuta huna kitu. Yeye ndiye aliyeanzisha vita ya majina. Siku moja aliandika jina la dada yake, nami nikasema ondoa, sheria inakataza. Akasema, "Jina ni neno iko na mtu ndani. Kiti naingia, sufuria naingia, mtu pekee yake nakaa nje?"

Papa Alfonsi akamuunga mkono, maana alikuwa na Z mkononi na shemeji yake anaitwa Zakaria. "Mi nasema mama iko na haki. Mutu ni mukubwa kuliko sufuria."

Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu toka asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo nilijifanya mtaalamu. Nikasema majina hayana mwisho, mtu atabuni lolote aseme ni la mjomba wake. Tukapatana hivi: jina linaruhusiwa, lakini mwenzako akiuliza "nani huyo?" ni lazima useme ni nani na anakaa wapi. Ukishindwa kusema, unaondoa. Niliitunga sheria hiyo mimi mwenyewe na nikaisifu sana.

Sasa, wewe unajua jinsi mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Hukai naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Ukilitaja umemvua nguo mbele za watu. Bibi yako alikuja kutoka Dranya mama yako alipokuwa na mimba yako ya mwezi wa nane. Kaka zako wawili walikuwa wadogo na kazi zilikuwa nyingi. Alikaa upande wa jiko la uani, mimi upande wa nyumba, na tulipokutana njiani kila mmoja alipinda kidogo kama inavyotakiwa. Alikuwa anapika vizuri kuliko mama yako, na hili usimsomee mama yako.

Jumapili hiyo tulikuwa tunacheza barazani. Mama yako alinizidi kwa pointi kumi na sita, na kikapu cha herufi kilikuwa kitupu. Ilikuwa zamu yangu ya mwisho. Alikuwa amekwisha kunicheka. Alisema, "Fundi wa herufi, leo herufi nakukataa." Papa Alfonsi akacheka mpaka akakohoa. Na mimi, Mama, sipendi kuchekwa. Umerithi tabia hiyo kwangu, usikatae. Nikaziangalia herufi zangu. Nikaona tano zimekaa pamoja bila kulazimishwa, jina zima, na mbele yake mraba wa kuzidisha mara mbili. Nilihitaji kumi na saba. Zile zilikuwa ishirini.

Ningekuambia kwamba nilisahau ni jina la nani, lakini ningekuwa nadanganya. Nilijua. Nilijiambia kwamba kutaja ni kwa mdomo na mimi natumia mkono. Nilijiambia kwamba hajui kusoma na yuko jikoni. Nikaziweka moja moja, taratibu, kama ninavyoweka herufi za dhahabu kwenye mlango wa lori. Mama yako akafunika mdomo kwa kiganja.

Papa Alfonsi hakujua. Kwake yeye bibi alikuwa "mama ya mama" tu. Akalisoma jina lile kwa sauti yake ya sokoni, sauti inayofika ng'ambo ya barabara, halafu akapiga meza. "Nani huyu? Mi sijui huyu mutu! Anakaa wapi? Sheria ni sheria, fundi. Sema!"

Nikainama kunyoosha herufi zilizokuwa tayari zimenyooka. Akasoma tena, kwa sauti zaidi. "Nani?"

Jibu likatoka jikoni. "Ni mimi. Nyumba yangu iko Dranya. Lakini sasa mimi iko hapa, napikia yeye chakula."

 Bibi akaipua chungu, akakifunika vizuri, akachukua kikapu chake, akatoka kwa mlango wa nyuma kuelekea barabara ya Koboko. Mama yako alitaka kumfuata, lakini kwa tumbo lile alifika kwenye ua tu. Alirudi akasimama mbele yangu akasema neno moja, "Ondoa." Nikaziondoa. Papa Alfonsi, maskini, bado alikuwa haelewi kosa liko wapi, akanipapasa bega. "Lakini iko jina muzuri," akasema.

Nimesimama kidogo nikaenda kupaka mkono wa pili. Unang'aa. Narudi.

Mama yako alijifungua bila mama yake kando, na hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine. Nilimtuma kaka yangu Dranya na kuku. Kuku alipokelewa, maneno hayakurudi. Ulizaliwa wiki chache baadaye, msichana baada ya wavulana wawili, na siku ya nne, siku ya kutolewa nje kwa mtoto wa kike, tulikuwa tumekata tamaa kwamba bibi angekuja. Alikuja. Alipita nyuma ya nyumba, akakuchukua, akasimama nawe mlangoni, akalitangaza jina lako kwa sauti ambayo ilimfikia hata Papa Alfonsi kwenye cherehani yake. Lilikuwa jina lake mwenyewe. Zile herufi tano.

Halafu akasema, akiwa ameugeukia ukuta ili asinitazame, "Sasa jina iko kwa nyumba yake. Yeye achunge."

Niliona nimepigwa rungu. Nilijiambia: mwanamke huyu ni mwerevu kuliko wote niliowahi kuwaona. Kwa kuwa nililichezea jina lake mara moja, amenipa mtoto nisiyeweza kumwita maisha yangu yote. Kila asubuhi atakimbia uani na mimi nitakuwa bubu. Jioni ile nilifunga boksi la mchezo kwa kamba nikalipandisha darini.

Basi nikakuita Mama. Mwanzoni ulikuwa mzaha na mama yako alichoka kucheka, kwa sababu nikiita "Mama!" mnaitika wawili. Nilijifunza kupiga makofi, kupiga mluzi, kumtuma kaka yako akuite. Nikawa hodari wa kutokutaja. Mwanamke mmoja wa Koboko alifungua hoteli ya chai karibu na stendi, akaleta ubao nimwandikie jina lake, na jina lilikuwa hilo hilo. Nikamwambia rangi imekwisha. Akatazama makopo sita nyuma yangu, akanitazama mimi, akaubeba ubao wake akaenda kwa fundi mwingine. Mpaka leo akinipita anauliza kama rangi imefika.

Haya yote tuliyacheka, na mimi nilipenda kuyasimulia. Lakini kuna moja sijamsimulia mtu yeyote, hata mama yako.

Nilikupeleka shule siku ya kwanza. Ulikuwa umeshika kidole changu kidogo. Mwalimu alifungua daftari akauliza, "Jina la mtoto?" Nikasema, "Muulize mwenyewe." Akadhani namtania. Akauliza tena, na mstari ulikuwa mrefu nyuma yetu, nami nikatazama dirishani. Ukalisema wewe, kwa sauti ndogo sana. Tulipokuwa tunarudi ukaniuliza, "Baba, jina yangu wewe hujui?" Ulikuwa na miaka saba. Nikacheka, nikakununulia muwa. Swali zito kama lile nikalijibu kwa muwa, nawe ukautafuna njia nzima, na mimi nikaona nimeponea. Ninaona uchungu hata sasa ninapoandika. Ningeweza siku ile ile kupanda lori kwenda Koboko. Nilikuwa najua njia ipo. Baba yake Rejina si mtu wa kwanza kuipitia. Unapeleka mbuzi, unaomba, unafunguliwa. Lakini kuomba kulimaanisha kukaa mbele ya nyumba ya bibi na kusema nilichofanya na kwa nini, yaani nilimwaibisha kwa sababu mke wangu alinizidi pointi kumi na sita. Niliona afadhali kuwa bubu.

Mwaka ule Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, kazi yangu iliongezeka kuliko wakati wowote. Maduka yalipata wenyewe wapya, na wenyewe wapya walitaka majina yao juu. Unakumbuka ulikuwa unaniletea chai mjini. Siku moja nikapanda ngazi mbele ya duka la yule aliyenipa boksi. Nikapaka rangi nyeupe juu ya herufi zangu za kwanza, zile nilizoziandika nikiwa kijana. Mikono mitatu ya rangi, na bado kila mvua ikinyesha ubao ukilowa, jina lake lilikuwa linatokeza kidogo chini ya lile jipya. Mwenye duka mpya alinifokea. Nilimwambia ni ubao mbaya. Jioni hiyo nilishusha boksi kutoka darini nikawapa, kwa sababu sikutaka kitu cha yule mtu kikae gizani. Ila niliogopa majina. Ndipo nikawatungia marufuku, nikaiita sheria ya kwenye kifuniko.

Unaona jinsi mtu anavyoweza kuishi. Nilikuwa na kidonda kimoja kidogo, nikakijengea nyumba, nikaiwekea na sheria.

Jumamosi ulipoingia ndani bila jibu, mama yako alitoka. Alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza, na ungekuwepo ungejua hiyo ni hatari kuliko ugomvi. Alisema tu, "Mbuzi mweupe ya Papa Alfonsi nauzwa." Jumatatu nikapanda lori la Koboko na mbuzi mweupe miguuni, wala haikuwa kazi ya kibao cha dukani kama nilivyokuambia. Njiani mbuzi alikula kona ya shati langu.

Kutoka Koboko mjini nilimwongoza kwa miguu mpaka Dranya. Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Aliponiona akaingia ndani kama inavyotakiwa, akakaa nyuma ya mlango, mimi nikakaa nje kwenye gogo na mbuzi wangu. Kikakwa changu unakijua, ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo tulizungumza kile Kiswahili chetu, yeye ndani na mimi nje.

Nikasema yote. Baraza, pointi, sheria niliyoitunga, mkono wangu kuziweka moja moja huku nikijua. Nikasema na habari za shule na muwa. Habari ya muwa niliirudia mara mbili na sikuona haya.

Ndani nikasikia ungo unapepetwa mara mbili tatu. Halafu akasema, "Wewe naleta mbuzi leo."

"Ndiyo, mama."

"Miaka kumi na sita. Mbuzi ya wakati ile sasa ingekuwa na wajukuu."

Nikainamisha kichwa, ingawa hakuwa ananiona. Nikamwambia kwamba adhabu yake ilinifaa, kwamba nimelichunga jina kama alivyoagiza na sikulitaja hata siku moja.

"Azabu gani?" akauliza.

"Kumpa mtoto jina lako. Ili nisiweze kumwita."

Nikasikia ungo unawekwa chini. "Wewe mtu gani! Mtoto msichana nafuata vijana wawili. Kwa sisi jina yake nangojea yeye kabla hajazaliwa. Mimi pia nafuata vijana, ndiyo mimi naitwa hivyo. Ungekuwa mtu mzuri, jina ni ile. Ungekuwa mtu mbaya, jina ni ile. Mimi nakasirika siku moja, mbili, halafu kuku nafika, nakula, naisha. Nasema yeye achunge, maana yake achunge mtoto! Kila mwaka nasema, sasa baba yake nakuja kuomba, nafungua yeye. Hapana. Nasema, labda huyu mtu hapendi jina yangu."

Mama, nilikaa kwenye gogo lile kama mtu aliyejifungia ndani miaka kumi na sita halafu akaambiwa mlango haukuwa na kufuli. Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Naye nyuma ya mlango nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho wewe pia unacho.

"Jina yangu ilipata pointi ngapi?" akauliza.

"Hatukuhesabu. Uliondoka."

"Hesabu."

Nikamwambia ni kumi, na juu ya mraba ule zinakuwa ishirini.

"Na wewe nataka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Basi ulishinda," akasema, na akaonekana kuridhika sana. "Mwambie mtoto yangu yeye alishindwa."

Nimemwambia mama yako. Amesema ushindi huo haukubali, kwa sababu niliziondoa herufi mwenyewe, na anataka tutoe ubao Jumapili hii turudie. Papa Alfonsi amekwisha kujialika. Sheria ya majina imerudi kama ilivyokuwa zamani, na yule atakayeulizwa "nani huyo?" atajibu kwa mdomo wake.

Bibi alinifungua. Lakini aliweka utaratibu. Alisema kwa kuwa niliharibu kwa kuandika, nitengeneze kwa kuandika: kwanza niliandike mahali watu wote watakapoliona, ndipo nilitaje. Kwa hiyo kila mtu stendi ya Arua, na darajani Pakwach, na Gulu, na chuoni kwenu Lira, ataliona kabla ya kukuona wewe. Nimetumia rangi ya manjano na kivuli chekundu, ile niliyoificha kwa ajili ya kibao cha kanisa. Kasisi atangoja.

Unakwenda kujifunza ualimu. Siku moja utafungua daftari mbele ya mstari wa watoto, na baba mmoja atatazama dirishani. Usimhukumu haraka, lakini mwangalie mtoto. Na wewe mwenyewe, ukimkosea mtu, na utakosea kwa sababu ni binti yangu, nenda upesi ukiwa bado na aibu mbichi. Usifanye kama mimi, nikakaa nyumbani nikimtungia mwenzangu hasira ambayo yeye alikwisha kuimaliza kwa kuku mmoja. Wewe ndiye uliyelipia ujinga wangu, na hukuwa na kosa. Nisamehe. Hilo ndilo nililotaka kuandika tangu mstari wa kwanza.

Nasikia sauti yako kule kwa Papa Alfonsi, unamwambia amekushonea sare ndefu kama kanzu ya padri. Nina dakika chache.

Kesho stendi, utakapokuwa umekaa na basi limeanza kunguruma, nitakuita. Nimefanya mazoezi leo karakanani, peke yangu, kwa sauti ya chini, na kila mara nimeangalia nyuma kama kuna mtu. Itatoka vibaya. Itatoka kwa sauti kubwa mno, watu watageuka. Geuka na wewe, mara ile ya kwanza, usiningojeze ya pili.

Haya, nenda uani. Vua gunia kwa kulinyanyua juu, usiliburute. Na safari yako iwe njema,

Kiden.

Baba yako